Shela Iliyolala na Picha

Vijana wangu wa karakana,

Mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, mimi ambaye sasa sina mahali pa kuwahi. Nashukuru, naitazama. Mliniomba pia niandike kazi yetu ya kujalidi vitabu ilivyokuwa kabla ya mashine ya kukatia karatasi, basi nimekaa. Vyeo na mishahara sitavigusa. Hayo yamo kwenye mafaili, na panya wetu mnajua walivyo wasomaji. Nitaandika nilivyoanza, aliyenifundisha, na kazi moja iliyonishinda kuisahau.

Nilifika Tarime miaka ya hamsini ikianza, nikitoka Nyansurura kwa miguu kisha kwa lori la mahindi. Nilikuwa na cheti changu cha shule na imani kwamba ofisi zote zilikuwa zinanisubiri. Hazikuwa. Baba aliniaga akijua nakwenda kuwa karani. Niliporudi kumwambia kwamba nashona vitabu, aliuliza ni nani aliyevichana.

Aliyenichukua ni Fundi Salehe, mzaliwa wa Pangani, aliyepandishwa bara na biashara ya mjomba wake, biashara ikafa, yeye akabaki. Baridi ya Tarime hakuizoea kamwe, alivaa koti juu ya kanzu hata jua likiwaka. Kwenye kibaraza chake karibu na soko alishona matandiko ya punda, mikoba na viatu, na alijalidi misahafu ya Waislamu wa mjini na Biblia za Wakristo wa vijijini. Alisema vyote huchakaa mahali pamoja, pale kidole gumba kinaposhika.

Siku ya kwanza alinipa ngozi ya mbuzi na kisu, akaniambia niipare mpaka nione mwanga kwa upande wa pili. Niliuona mwanga mapema sana, kwa tundu la ukubwa wa senti.

"Ninyi Wakurya," akasema, "mnaijua ngozi ikiwa bado inatembea."

Hakupandisha sauti. Aliitundika tu ile ngozi yangu juu ya mlango, kila mteja akaiona, kisha akanipa nyingine. Ya nne ndiyo ilikubalika. Ya kwanza ilikaa pale mlangoni mpaka nilipooa.

Zana zetu zilikuwa chache. Ubavu wa ng'ombe uliosuguliwa ukalainika, wa kukunjia karatasi. Sindano, na uzi uliopitishwa kwenye nta ya nyuki. Mbao mbili na mawe ya kubana. Gundi tulipika kwa unga wa muhogo, tukatia mrututu kidogo ili mdudu atakayeila asirudi kusimulia. Mkipika gundi, tafadhalini, msiache kukoroga kwa sababu ya maongezi. Gundi yenye madonge ndiyo siasa mbaya kuliko zote nilizoziona. Na miguu ya meza isimame kwenye makopo yenye mafuta ya taa, maana mchwa wa Mara hawana adabu ya kubisha hodi.

Mteja wetu mkubwa alikuwa Mzungu mmoja mzee, mpima ardhi aliyestaafu, watu walimwita Bwana Mpima. Alikaa peke yake kilimani juu ya mji, na ugonjwa wake ulikuwa vitabu. Si vitabu vyovyote. Alitaka vitabu vya safari vya zamani, vya watu waliozunguka dunia kabla ya kamera kuenea, wakachora kwa mkono walichokiona. Michoro ile ilichapwa mistari mitupu, nyeusi, kisha rangi ikapakwa kwa mkono, picha moja baada ya nyingine. Bwana Mpima alinieleza kwamba huko kwao wanawake walikaa kwenye meza ndefu, mmoja anapaka buluu ya mbingu, anampa mwenzake anayepaka kijani, naye anampa wa rangi ya ngozi. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona Afrika.

"Ndiyo maana ng'ombe huyu ana rangi ya waridi," nikamwambia Fundi.

"Labda aliona haya kuchorwa," Fundi akajibu, akaendelea kushona.

Juu ya kila picha huwekwa karatasi nyembamba sana ili rangi isisuguane na ukurasa wa mbele yake. Ninyi leo mnaiita karatasi ya kinga. Fundi Salehe aliiita shela, kwa kuwa ilimfunika aliye chini kama bibi harusi, na mimi nimebaki na neno lake.

Vitabu vingine Bwana Mpima aliagiza kwa posta. Lakini alivyovipenda zaidi ni vile alivyoviokota hapa hapa, kwenye stoo za misheni, masanduku ya wawindaji na nyuma ya kaunta za maduka. Safari hizo alitubeba, Fundi na mimi, ili tumwambie kitabu kinatibika au kimeshakufa. Mara moja tulikwenda upande wa Nyangoto, kwa Mzungu mwenzake aliyekuwa amechimba dhahabu kwa miaka mingi na sasa anarudi kwao bila dhahabu. Ndani ya kibanda chake palikuwa na vitabu vitatu vikubwa vya safari za maziwa makuu. Viwili vilikuwa vimeinua mguu mfupi wa kitanda. Cha tatu kilikuwa kinakandamiza majani ya tumbaku.

Bwana Mpima hakuvitazama mara mbili, alianza kwa kuulizia taa. Akaisifu taa. Akauliza habari za sufuria. Mwisho, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akasema vile vitabu vinaweza kumfaa kwa kuwashia moto. Vikatoka kwa jiko la primasi na mablanketi mawili. Njia nzima alivipakata kama mtu aliyebeba mayai.

"Hivi vilichapwa kabla babu yako hajatahiriwa," aliniambia.

Tulivitibu vitabu vile muda mrefu. Tulivunja mishono, tukafuta tumbaku, tukaziba njia za mchwa kwa karatasi, tukashona upya. Shela nyingi zilikuwa zimegeuka rangi ya chai. Kisha kiangazi tukavipeleka kilimani, tukavifungua nusunusu kwenye meza ya kibarazani, penye kivuli na upepo, vipunge hewa. Hiyo ilikuwa desturi yetu kila mwaka. Na hapo ndipo alipotukuta Mama Okoth.

Ngoja nimweleze. Mpishi wa Bwana Mpima alikuwa Mjaluo kijana aitwaye Ouma, kwao upande wa Utegi. Mama yake alikuwa mjane, na kama ilivyo desturi aliitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, Okoth. Huyo Okoth alichukuliwa keya, jeshi la Waingereza, wakati wa vita, akapelekwa Burma, hakurudi. Serikali ilisema amepotea. Haikusema amekufa. Mama akalishika neno hilo moja kama mtu ashikavyo mkia wa ng'ombe akivuka mto.

Kwa Wajaluo, mtu aliyepotelea mbali huzikwa hata bila mwili. Huchukuliwa tunda refu la mwegea, wao huliita yago, likazikwa mahali pake, na matanga yakakaa. Bila hivyo Okoth alihesabiwa yuko hai, na akiwa hai, mdogo wake hawezi kumpita kuoa wala kujenga mji wake. Ouma alikuwa na mchumba, Achieng, binti aliyemngoja mpaka wadogo zake wakamtania. Wazazi wa binti walishasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwaka ule, baada ya kuombwa na wazee mara nyingi, Mama Okoth alikuwa amekubali. Wangezika yago mavuno yakishaingia. Ouma alipika siku zile huku anapiga mluzi, na chakula, kwa kweli, kilikuwa kitamu zaidi.

Mama alikuja kumletea mwanawe samaki waliokaushwa. Akapita kibarazani, akatusalimu, akaona kitabu kimefunguka. Picha ilikuwa ya kijana amesimama ufukweni mwa ziwa, amekunja mguu mmoja kuuegemeza kwenye mwingine, mkono juu ya mkuki, anacheka, na meno ya chini hayapo kama ilivyokuwa kwa vijana wa Kijaluo. Juu ya nyusi ya kushoto palikuwa na alama.

Kikapu kikamtoka. Alikaa chini palepale, juu ya samaki.

"Okoth," akasema. Kisha akamwita Ouma kwa Kijaluo, nami Kijaluo cha sokoni nilikijua vya kutosha. "Njoo umwone ndugu yako. Njoo uone kovu la pembe ya ndama. Yuko. Wazungu wamemwona, wamemchora."

Ouma alitoka jikoni na mwiko mkononi. Aliitazama picha, akamtazama mama yake.

Msimcheke. Kitabu kimetoka Ulaya kwa meli, na mwanawe aliondoka kwa meli. Kitabu kimeandikwa na watu waliosafiri wakachora waliowakuta, na mwanawe alikuwa huko huko safarini. Mimi nilisoma shule na bado, alipoweka kidole kwenye lile kovu, nywele zilinisimama.

Jioni ile alirudi Utegi akawaambia wazee waache habari ya yago. Mwanawe yuko hai, amemwona kwa macho yake.

Tangu hapo kila siku ya soko alipanda kilima kwa miguu. Bwana Mpima, ambaye hakumruhusu mtu kugusa vitabu vile kwa mkono mkavu wala mbichi, alimletea kitabu mwenyewe na kiti. Mama alikaa akizungumza na picha kwa sauti ya chini, akimpa habari za nyumbani, nani amezaa, ng'ombe gani amekufa. Wakati mwingine alicheka. Ouma aliacha mluzi. Siku moja alikuja kibarazani kwetu sokoni akakaa juu ya gogo.

"Fundi, shikamoo. Kitabu kile kichome moto, nitakutumikia mwaka mzima."

"Marahaba. Kaa utulie. Subira yavuta heri."

"Yangu imevuta mvi," Ouma akasema. "Achieng amepata mchumba mwingine kule Shirati. Wazazi wake wamenipa mpaka mavuno. Mimi nampenda kaka yangu, Fundi, lakini amenikalia kifuani tangu nikiwa mtoto. Nimwambie mama picha ni ya zamani, ananiambia, wewe una haraka ya mke."

Kisha Bwana Mpima naye akaanza kufunga mizigo. Alikuwa mgonjwa, anarudi kwao, vitabu vyote vinaingia kwenye masanduku yenye bati ndani. Alituita kilimani. Kile cha safari za ziwa kilikuwa mezani, kimefunguliwa kwenye picha.

"Ikate, Salehe," akasema. "Nitampa mama yule. Siwezi kuondoka na mtoto wake."

Ninyi mnajua maana ya kukata picha kwenye kitabu cha namna ile. Kitabu kimekufa, na mtu aliyekitafuta maisha yake yote ndiye anaamuru. Fundi alikishika kisu. Nilimtazama mikono, maana nilidhani atakataa kwa ajili ya kitabu. Akakiweka chini.

"Bwana, ungekuwa ni ukarabati wa moyo wake, ningekata. Lakini ukimpa hii, atakwenda nayo akiamini. Hatamzika Okoth mpaka naye azikwe. Na yule mpishi wako atazeeka jikoni kwa watu."

"Basi nani atamwambia? Mimi siwezi."

"Mimi sijui Kijaluo," Fundi akasema. "Na Ouma, mama yake hatamwamini."

Wote wawili wakanitazama. Ndivyo nilivyopata kazi ngumu kuliko zote za maisha yangu, na haikuwa na uzi wala gundi.

Siku ya soko Mama Okoth alikuja. Ouma alisimama mlangoni mwa jikoni, hakusogea. Fundi hakuanza na picha. Alimwuliza habari za nyumbani, kisha akamwuliza, nami nikitafsiri, kama akipewa kibuyu cha maziwa asichokijua anaweza kusema ni cha miaka mingi au ni kipya.

"Naweza," akasema. "Natazama ndani. Moshi na mafuta huingia polepole. Kibuyu kipya hakiwezi kunidanganya."

Fundi akamletea kitabu kimoja cha picha kilichonunuliwa baada ya vita. Akainua shela, akaishika mbele ya mwanga. Ilikuwa nyeupe tupu. Akaleta kingine, cha wakati Bwana Mpima alipokuwa kijana. Shela yake ilikuwa na wingu jepesi tu, huwezi kusema ni la nini. Mama akaangalia kwa makini, kama anunuaye chungu. Kisha Fundi akavuta kile cha ziwa. Shela ya picha ile hatukuwa tumeibadilisha. Akaitoa taratibu, akaiinua.

Kijana alikuwemo ndani ya karatasi. Rangi na wino vilikuwa vimempenyeza huko kidogo kidogo, amesimama vilevile, amekunja mguu, kahawia kwenye karatasi ya rangi ya chai.

Mama Okoth aliinua mkono lakini hakuigusa.

"Amelala na karatasi hii," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Miaka mingi."

"Ndiyo, mama."

"Okoth wangu alikuwa amezaliwa?"

Hapa Fundi hakuhitaji kutafsiriwa, alikuwa ameinamisha uso. Nikamjibu mwenyewe, kwa Kijaluo changu cha kununulia samaki. Nikamwambia wewe mwenyewe, mama, ulikuwa hujazaliwa.

Hakulia. Akauliza habari ya kovu. Fundi akageuza ukurasa. Alama ile ilikuwa imetokea upande wa nyuma, doa la kutu, hutokea kwenye karatasi za zamani zikipata unyevu. Mama akaifunika kwa kidole mbele, akaifunika nyuma.

"Kovu halitokezi kisogoni," akasema.

Kule jikoni kitu kilikuwa kinaungua na hakuna aliyekwenda. Baada ya muda Mama Okoth akaitazama tena ile picha, na safari hii alikuwa anamtazama mtu mgeni.

"Basi huyu ni mtoto wa nani?"

Nikamwuliza Bwana Mpima. Akasoma maandishi ya chini, akatikisa kichwa. Pameandikwa tu, mtu wa ziwani. Jina hawakumwuliza.

"Na mama yake hakuiona picha hii," Mama Okoth akasema. Hilo ndilo lililomtoa machozi, mama wa mtu asiyemjua. Alipomaliza akajifuta kwa ncha ya kanga, akanyoosha mkono kwa ile shela. "Picha iacheni kwa wenyewe. Nipeni hii. Wangu hana mwili, na huyu hana jina. Nitawalaza pamoja."

Bwana Mpima aliichukua mwenyewe, akaiweka kati ya karatasi mbili safi, akampa kwa mikono miwili, jinsi alivyoona sisi tukiwapa wakubwa. Mahali pake mimi nikaweka shela mpya, na kitabu kikaingia sandukuni kizima.

Tulialikwa Utegi mavuno yalipoingia. Fundi alikwenda na koti lake, mimi nikabeba mchele. Shimo lilichimbwa la urefu wa mtu, na wazee wakaliweka yago ndani likiwa limeviringishwa kwenye shuka. Wengine walidhani mama atapiga kelele, wanawake walijiweka tayari kumshika. Alipita katikati yao, akapiga magoti ukingoni, akaitoa ile karatasi kifuani. Ilikuwa imeshachakaa mno, ilimkatikia vipande mikononi. Akaviweka kimoja kimoja juu ya shuka.

"Umesimama siku nyingi, mwanangu," akasema. "Na wewe, mtoto wa mwenzangu. Laleni."

Akachukua udongo, akautia. Kisha akageuka akamtafuta Ouma kati ya watu, akamwambia mbele ya wazee wote, "Nenda kachague mahali pa nyumba yako."

Nilimtazama Ouma nikitegemea kuona furaha. Kwa miezi yote ile alikuwa anamngoja kaka yake afe, na hakuna siku aliyopata nafasi ya kumlilia. Alianguka pale pale ukingoni, akaliita jina la Okoth kwa sauti ambayo sikujua mtu mzima anayo. Wanaume walisita. Mama yake ndiye aliyekwenda kumwinua.